Daftari la Wapiga Kura wa 1961

Chini ya kitanda changu, hapa Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, kuna kopi ya memware yangu, tasnifu ya kumalizia chuo. Kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Binti yangu, anayejiandaa kuanza masta ya sayansi ya siasa, aliivuta juzi, akaniuliza: "Baba, hii nayo ilikuwa masta?" Nikamjibu hapana, ilikuwa lisansi. Jibu lilikuwa fupi mno kwa kazi ile.

Sisi tulikuta mfumo wa Kibelgiji. Chuo kilianza Januari 1964 kwa jina la Université Officielle de Bujumbura, baadaye kikawa Université du Burundi. Ulisoma kandidati miaka miwili, ukafaulu, ukaingia lisansi miaka miwili mingine. Masta hatukuwa nayo. Aliyetaka kupanda zaidi alitafuta ufadhili wa kwenda Ubelgiji au Ufaransa, na hapo neno "distinction" kwenye karatasi ya matokeo lilikuwa na uzito wa dhahabu. Tuliopenda siasa tuliifuata kupitia historia au sheria.

Kwa memware yangu nilichukua uchaguzi wa Septemba 1961, ule ambao chama cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64, na mwezi uliofuata kiongozi wake, Louis Rwagasore, akapigwa risasi. Jumamosi nilikwenda mtaa wa Buyenzi kwa miguu kuwasikiliza wazee waliopiga kura siku ile. Mmoja alinieleza kwa Kiswahili jinsi alivyovaa kanzu yake ya Idi kwenda kituoni, kwa sababu kwake ile ilikuwa sikukuu. Maneno yake niliyaandika yote. Mashine ya chapa sikuwa nayo. Mpiga chapa wa mjini nilimlipa kwa ukurasa, na nikikuta kosa ukurasa mzima unapigwa upya.

Kisha Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa, nchi ikawaka. Usiku wa kuamkia 12 Juni 1995 wanafunzi wa Kihutu waliuawa katika kampasi yetu ya Mutanga. Hadi leo nikipita pale napunguza mwendo. Mwalimu aliyekuwa akiniongoza alikuwa ameshakimbia nchi. Nilijitetea mbele ya jopo mwaka 1997, mbele ya viti vingi vitupu.

Binti yangu ana njia nyingine. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya Desemba 2011 ikaleta mfumo wa BMD, yaani bakalorea, masta na doktora: miaka mitatu ya bakalorea, krediti 180, kisha miwili ya masta, krediti 120, na memware mwishoni. Ni njia nzuri, nami naipenda kwa kuwa mtu anaweza kuifikia masta bila kupanda ndege. Lakini karatasi ya masharti ya masta haisemi lolote juu ya utulivu wa nchi. Mwishoni mwa Aprili 2015 maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa rais yalijaa Mutakura na mtaa jirani wa Cibitoke, chuo kikafungwa, na wanafunzi wakalala nje ya ubalozi wa Marekani. Kijana wa jirani yetu alikuwa miongoni mwao, na memware yake ilikuwa imefika sura ya pili.

Binti yangu anataka kuandika juu ya vyama na vijana wa mitaa ya kaskazini. Yule mzee wa kanzu ameshafariki. Nimempa binti yangu daftari langu la Buyenzi, lile lenye maneno ya mzee huyo, na jana usiku nilimwona akiyanakili kwa kalamu.