Kukomaa, Kunona na Kufaa: Hukumu juu ya Maksai wa Kuchinjwa na Mgogoro wa Ukambani wa 1938

Utangulizi

Maksai aliyelelewa kwa majani ya malishoni hana siku maalumu iliyoandikwa ya kuwa tayari kwa kisu. Kiswahili nacho hakina neno moja linalotosha kuitaja hali hiyo. Kina maneno matatu ambayo sharti yatimie pamoja: kukomaa, ambalo lahusu umri na mifupa; kunona, ambalo lahusu mafuta; na kufaa, ambalo lahusu haja ya mwenye mnyama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgogoro wa mifugo uliotokea Ukambani mwaka 1938, ambao kwa kawaida huelezwa kuwa ni mgogoro wa idadi ya ng'ombe na mmomonyoko wa udongo, ulikuwa pia mgogoro wa hukumu: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba maksai huyu sasa yu tayari?

Maneno na maarifa yaliyomo

Neno maksai limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa kitenzi kuhasi. Kwa hiyo jina lenyewe lahifadhi uamuzi uliokwisha kufanywa mnyama angali mchanga. Fahali huachwa ili azalishe. Maksai hutengwa kwa kazi, kwa mauzo au kwa nyama, naye hutulia na kunona kwa urahisi kuliko fahali.

Kukomaa huthibitishwa kinywani. Ng'ombe ana meno manane ya mbele katika taya la chini, wala hana hata moja la mbele katika taya la juu. Jozi ya kwanza ya meno ya utotoni hung'oka mnyama akikaribia miaka miwili au akiipita kidogo, kisha jozi nyingine hufuata moja moja, hata ifikapo miaka minne au zaidi kinywa huwa kimejaa meno ya ukubwani. Hesabu hii ina maana kwa mchinjaji kwa sababu mwili wa ng'ombe hujengwa kwa utaratibu: mifupa hutangulia, nyama hufuata, na mafuta huja mwisho. Anayechinja kabla ya mifupa kumaliza kukua hupoteza nyama ambayo majani yangemwongezea bila gharama kubwa. Kwa sababu hiyo maksai wa malisho matupu huhitaji kwa kawaida miaka mitatu hadi mitano.

Kunona ni jambo jingine. Watu huweza kunenepa, lakini mnyama aliye tayari husemwa kuwa amenona, na anayetengwa ili anoneshwe huitwa kinono. Tofauti hii si pambo la lugha. Tumbo lililojaa majani mabichi humdanganya mnunuzi mgeni, akadhani mnyama ni mnono kumbe ameshiba tu. Mjuzi hulipita tumbo, akatazama mahali ambapo mafuta hayawezi kuigizwa: kidari, nundu, mbavu za nyuma, na hasa shina la mkia. Kidole kikibonyeza hapo kikakuta ulaini badala ya ncha ya mfupa, hukumu imekaribia.

Hali hiyo huja na kupita. Katika nchi yenye misimu miwili ya mvua, kama Ukambani, maksai hunona masika yanapokwisha, majani yakiwa yamekomaa. Kiangazi kikirefuka huyateketeza mafuta yale yale aliyoyaweka. Aliyekuwa mnono mwezi wa Juni aweza kuwa gofu kabla ya vuli. Mfugaji anayengoja mno hupoteza sawasawa na yule aliyeharakisha.

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote. Katika miaka ya 1930 maksai wa Machakos alikuwa akivuta plau, akihesabiwa katika mahari, akitolewa sadaka, na akiwekwa kama akiba ya mwaka wa njaa. Mwili wake ungeweza kuwa tayari huku nyumba ya mwenyewe haijawa tayari kumwachilia. Hukumu ya mfugaji basi ilikuwa na mizani yake, ingawa haikuandikwa.

Hukumu ya serikali na ya kiwanda

Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter kuanzia 1932 ilitilia nguvu rai ya watawala kwamba ng'ombe wa Ukambani walikuwa wengi kupita uwezo wa ardhi. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, wala hauwezi kukanushwa. Wakamba, hata hivyo, walikuwa na jibu: nchi haikupungua kwa wingi wa ng'ombe peke yake, bali pia kwa kuwa sehemu za malisho, kama vile vilima vya Mua, zilikuwa zimekwisha kutwaliwa kwa ajili ya walowezi.

Wakati huo huo kampuni ya Liebig's ilijenga kiwanda chake Athi River. Kiwanda cha nyama ya makopo na cha kiini cha nyama hakikuhitaji kinono. Ng'ombe mzee aliyekonda alikitosha, ilmradi bei yake iwe ndogo na idadi yake isipungue. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwapunguza ng'ombe wa Machakos kwa lazima, kila sehemu ikipangiwa kiasi chake. Hapo maneno matatu ya mfugaji yaliwekwa kando kwa pamoja. Mnyama alihesabiwa kuwa tayari kwa sababu tu alizidi idadi.

Wakamba walikataa. Chini ya uongozi wa Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association, watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi mwezi wa Julai 1938, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Gavana alikutana na watu huko Machakos, na baadaye Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa lazima.

Hukumu ya mizani

Tume ya Nyama ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1950, ikifanya kazi pale pale Athi River, ilileta kipimo kingine: mwuzaji alilipwa kwa uzani wa nyama baada ya kuchinjwa, na kwa daraja lake. Maksai wa malisho hutoa nyama, pamoja na mifupa yake, karibu nusu ya uzani aliokuwa nao akiwa hai, na daraja lilitazama umri na mafuta. Kwa namna hiyo kukomaa na kunona kulirudishiwa thamani. Lakini hukumu sasa ilitolewa mnyama akiwa ametundikwa, nyuma ya mlango ambao mfugaji hakuingia, naye hakuweza tena kughairi na kumrudisha zizini. Mnadani mwenyewe aliweza kukataa bei, machinjioni hakuweza.

Hitimisho

Historia hii yaonyesha kwamba neno tayari lilitumiwa na pande tatu kwa maana tatu. Kwa kiwanda cha 1938 lilimaanisha wingi, kwa Tume ya Nyama lilimaanisha daraja, na kwa mfugaji lilimaanisha kukomaa, kunona na kufaa, kwa wakati mmoja. Yafaa basi wanaokusanya msamiati wa ufugaji katika lugha za Kenya wasitosheke na kuandika jina la mnyama na tafsiri yake. Pamoja na jina yaandikwe pia meno yanayohesabiwa, mahali mkono unapogusa, msimu unaongojwa, na shughuli ya nyumbani inayomzuia mnyama asiuzwe. Maofisa wa 1938 walijua jina la maksai na idadi yake. Walichokosa ni maelezo hayo mengine, na kwa kuyakosa waliona ukaidi mahali palipokuwa na hesabu.