Talaka Haifuti Rehani

Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Methali hii hutajwa sana juu ya mtu anayekopa na kushindwa kulipa, lakini ni mara chache twajiuliza matanga hayo huwa ya nani. Je, mtu akifilisika, na nyumba iliyowekwa rehani ni yake pamoja na mwenzi aliyekwisha kuachana naye, huyo mwenzi atasalimika? Swali hili lina historia ndefu, na twaweza kuifuata vizuri tukianzia Kondele, katika mji wa Kisumu, mahali ambapo mambo ya ukoo hukutana kila siku na mambo ya hati, benki na nyumba za kupangisha.

Kabla ya reli kufika ufukoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901, Mjaluo hakuwa na nyumba ya kuuza. Alikuwa na dala, yaani boma la jamaa yake. Mwanamume hakuweza kuanzisha dala pasipo mke, na kila mke alikuwa na nyumba yake na sehemu yake ya kulima. Wazee walizikwa palepale, na makaburi yao yakawa ushahidi wa haki ya watoto wao. Mdai aliweza kudai ng'ombe. Makaburi ya watu hakuweza kuyachukua. Hata hivyo tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi. Uliulinda ukoo kuliko ulivyomlinda mwanamke. Haki yake ya kulima ilitokana na ndoa, na ndoa ilipovunjika, aghalabu aliondoka mikono mitupu.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilitoa mpango ulioitwa kwa jina la Roger Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo. Mpango huo ulitaka mashamba ya Waafrika yapimwe, yaunganishwe na kuandikiwa hati, ili mwenye hati aweze kukopa fedha. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963. Tangu hapo aliyeandikwa katika daftari ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye mali, na mara nyingi jina hilo lilikuwa la mwanamume peke yake. Mwaka 1972, katika shauri la Obiero na Opiyo, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za kimila zisizoandikwa katika daftari haziwezi kushinda usajili. Basi hati iliyoletwa iwe ufunguo wa mkopo ikawa pia mlango wa kupotezea nyumba. Mwenye jina aliweza kukopa na kushindwa kulipa, na dalali akabisha hodi kwa watu ambao hawakuulizwa neno.

Sheria ilichukua muda mrefu kuwaona watu hao. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa yatumika Kenya, na kwa njia hiyo mke akaweza kudai fungu lake mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 ikatamka kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa na hata ndoa inapovunjika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ikakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango katika mali, kama ulivyo mshahara.

Sasa tuchukue mfano. Mume na mke wamejenga nyumba Kondele. Majina yao yote mawili yamo katika hati, na wote wawili wametia sahihi rehani ya benki. Baadaye wakaachana, kisha mume akatangazwa mufilisi. Hapo kuna mambo matatu yanayopasa kutenganishwa.

La kwanza, kwa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, mali ya mufilisi huwekwa mikononi mwa mdhamini ili wadai wagawiwe. Lakini mdhamini hupokea fungu la mume tu. Fungu la mtalaka wake si mali ya mufilisi. La pili, benki yenye rehani haipangi foleni pamoja na wadai wengine. Haki yake imeshika nyumba yenyewe, pamoja na fungu la mke, kwa kuwa naye alitia sahihi. La tatu, mufilisi hufunguliwa kisheria, kwa kawaida baada ya miaka 3, na kuondolewa madeni yake mengi. Lakini aliyekopa pamoja naye haondolewi, na benki humgeukia yeye.

Je, mke huyo hana kinga? Anayo, ingawa ni ya muda. Benki lazima kwanza itoe ilani ya miezi 3 ili deni lilipwe, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Nayo imewajibika kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huhesabiwa kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule ambaye jina lake halimo katika hati. Ridhaa iliyotajwa na sheria ni ya mwenzi wa ndoa, na baada ya talaka yeye si mwenzi tena. Itambidi authibitishe mchango wake mahakamani, huku siku za ilani zikipita.

Historia hii yatufundisha kwamba talaka huvunja ndoa, wala haivunji rehani. Wanaoachana wagawane madeni siku ileile wanapogawana mali, na mgawanyo huo uandikwe katika daftari la ardhi, benki nayo ikiridhia. Dalali husoma daftari; mapatano ya sebuleni hayajui.