Ufahamu na Mtihani katika Shule za Kati za Kenya, 1949–2025

Neno ufahamu lina maisha mawili katika Kiswahili cha Kenya. Nje ya shule ni uwezo wa akili wa kutambua jambo, na mtu aliyezirai husemwa kuwa amepoteza fahamu. Ndani ya shule ni kifungu cha habari chenye maswali chini yake. Maana hii ya pili imestawi darasani hata mwalimu hutangaza bila kusita kwamba leo darasa "litafanya ufahamu", kana kwamba kufahamu ni kazi ya mikono ifanywayo kwa dakika arubaini kisha ikakusanywa. Historia ya badiliko hilo haiwezi kutenganishwa na historia ya mitihani iliyowekwa mlangoni mwa shule ya sekondari, na hasa na madarasa yanayotangulia mlango huo, ambayo katika makala haya yanaitwa shule za kati.

Shule ya kati kama daraja maalumu ilitokana na kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, kasisi wa Kianglikana ambaye baadaye, mwaka 1960, alikuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa Afrika Mashariki. Ripoti ya kamati hiyo ilitolewa mwaka 1949. Ilipendekeza elimu ya Mwafrika igawanywe katika vipindi vitatu vya miaka minne: msingi, kati na sekondari. Mwishoni mwa darasa la nne mtoto alifanya mtihani wa kumchuja aingie shule ya kati, iliyojulikana na wengi kama intamidieti. Na mwishoni mwa darasa la nane alikabili KAPE, mtihani ulioamua kama atakwenda sekondari. Wengi katika Mkoa wa Kati waliipinga ripoti hiyo vikali, wakiona kwamba ilikusudia kuwafungia watoto njia. Hapana shaka walikuwa na sababu. Mfumo wenye vichujio viwili ndani ya miaka minane haukubuniwa ili wengi wapite.

Kwa mada ya makala haya, jambo kuu katika mfumo wa Beecher ni kwamba miaka minne ya shule ya kati ilianza kwa mtihani na kuishia kwa mtihani. Kusoma kwa ajili ya kitu kingine chochote kulipata nafasi finyu sana. Aidha, lugha iliyosomwa ilikuwa ikibadilika. Kundi la uchunguzi lililoongozwa na A. L. Binns, ambalo ripoti yake ilitoka mwaka 1952, lilishauri kwamba lugha za mama na Kiingereza zitiliwe mkazo, na Kiswahili kiondolewe pole pole katika shule za mahali ambapo si lugha ya wenyeji. Kuanzia mwaka 1957 jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza lilianza Nairobi, nalo likaenea haraka. Basi zoezi la kusoma na kujibu maswali lilipokuwa likijengeka katika shule za kati, lilijengeka kwa Kiingereza. Somo la Kiswahili lilipokuja kulichukua baadaye, lilichukua kitu ambacho tayari kilikuwa na umbo.

Baada ya uhuru, Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, iliyoteuliwa mwaka 1963, ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964. Shule ya kati ilikwisha kumezwa na shule ya msingi, na elimu ya msingi ikawa ya miaka saba. Tume ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima. Lakini mtihani wa kumaliza darasa la saba, ambao kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ulijulikana kama CPE, haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Ulikuwa na Kiingereza, hesabu na karatasi ya maarifa ya jumla. Matokeo yake yanakumbukwa na kila aliyefundisha wakati huo. Kipindi cha Kiswahili kilikuwepo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini darasa la saba lilikitumia kufanya hesabu.

CPE ulikuwa mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya majibu kadhaa. Sababu haikuwa nadharia ya elimu. Watahiniwa walizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka, na njia nyepesi ya kusahihisha kazi ya umati ule kwa wakati na kwa haki ilikuwa ni alama za penseli zinazosomwa na mashine. Ubaya ulijitokeza upesi. Ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa uliokuja Kenya, na ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1972, uliulaumu mtihani huo kwa kupima ukumbukaji wa mambo yaliyokaririwa na kwa kuwatumikia wachache waliokwenda sekondari badala ya wengi waliobaki vijijini. Mtafiti H. C. A. Somerset, katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1974, alikwenda mbali zaidi: alichambua maswali yenyewe na kuonyesha kwamba mengi yalimpendelea mtoto wa mjini na wa shule yenye vifaa, kwa kuwa yalidai habari ambazo mtoto wa mashambani hakuwa na mahali pa kuzipata.

Mabadiliko yaliyofuata katika miaka ya 1970 yanastahili kukumbukwa kuliko yanavyokumbukwa. Somerset na wenzake katika idara ya mitihani hawakujaribu kuwakataza walimu kufundisha kwa ajili ya mtihani. Waliona kwamba katazo kama hilo ni la kupoteza wino, maadamu nafasi za sekondari ni haba na mzazi amekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya karo. Badala yake waliuliza: ikiwa mwalimu atafundisha kile kinachotahiniwa, mbona kisitahiniwe kile kinachostahili kufundishwa? Maswali ya kukariri yakapunguzwa, na yale yanayodai msomaji apime, alinganishe na kuhitimisha yakaongezwa. Kila baada ya mtihani shule zilipelekewa jarida lililoeleza ni maswali gani watoto walishindwa nayo, jibu gani lisilo sahihi liliwavuta wengi, na kosa hilo lilitokana na fikira gani. Mwalimu wa darasa la saba, ambaye kabla ya hapo aliletewa alama tupu, sasa alielezwa namna wanafunzi wake walivyosoma. Pengine hakujapata kuwa, kabla ya hapo wala tangu hapo, na mazungumzo ya karibu namna hiyo kati ya mtahini na mwalimu wa Kenya. Lakini mazungumzo hayo hayakugusa Kiswahili, kwani Kiswahili hakikutahiniwa.

Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa. Ilichukua miaka kadhaa zaidi, na tume nyingine, ile ya Mackay ya mwaka 1981 iliyoleta mfumo wa 8-4-4, kabla ya jambo hilo kutekelezwa. Mwaka 1985 mtihani wa kwanza wa KCPE ulifanywa chini ya Baraza la Mitihani la Kenya, lililoundwa mwaka 1980, nao ulikuwa na Kiswahili. Wapenzi wa lugha walishangilia, na walikuwa na haki. Kipindi kilichoporwa kwa miaka ishirini kilirudishiwa wenyewe. Hata hivyo ni vema itazamwe ni kitu gani hasa kilichorudi. Kilichorudi ni karatasi ya maswali ya kuchagua, pamoja na insha. Kwa miaka mingi ya KCPE karatasi hiyo ilikuwa na maswali hamsini, na ishirini ya mwisho, kuanzia la 31, yaliambatana na vifungu viwili vya ufahamu. Kila swali lilikuwa na majibu manne. Mwanafunzi wa darasa la nane aliijua ramani hii kama aijuavyo njia ya kwenda kisimani.

Hapa ndipo sifa za lugha yenyewe zinapoingia, na kwa bahati mbaya waliounda mtihani hawakuzitilia maanani vya kutosha. Sifa ya kwanza ni tahajia. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyezijua silabi anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima wa gazeti bila kujikwaa na bila kuelewa sentensi hata moja. Katika Kiingereza kutoelewa hujitokeza aghalabu katika matamshi. Katika Kiswahili hujificha nyuma ya ufasaha wa ulimi. Mwalimu anayepima usomaji kwa sikio hudanganyika.

Sifa ya pili ni sarufi. Tuseme kifungu kina sentensi hii: "Kilichomsebua mlote ni vidaro vya wagimbe." Maneno sebua, mlote, vidaro na wagimbe hayapo katika Kiswahili, yametungwa kwa ajili ya hoja hii tu. Tuseme tena kwamba swali ni: "Mlote alisebuliwa na nini?" Mtoto yeyote aliyefika darasa la sita atajibu, bila kukosea, kwamba ni vidaro vya wagimbe. Upatanisho wa kisarufi, kirejeshi na kauli ya kutendwa vimempa jibu, maana haikuhitajika. Sasa fikiria ni maswali mangapi ya ufahamu, katika mitihani na zaidi katika vitabu vya marudio, yaliyotungwa kwa kugeuza tu sentensi ya kifungu kutoka kauli moja hadi nyingine. Mtahini aliamini anapima uelewa, kumbe anapima sarufi mara ya pili, baada ya kuipima katika maswali ya 16 hadi 30.

Ni kweli kwamba yalikuwepo maswali ya namna nyingine. Bibi kizee wa kifungu akifunga dirisha ilhali joto ni kali, na kelele za vijana zimetajwa aya mbili kabla, swali la kwa nini alilifunga humlazimisha msomaji kuunganisha yasiyounganishwa na mwandishi. Yalikuwepo pia maswali ya maana ya neno kama lilivyotumika, ya kichwa kinachofaa, na yale ya kupendeza ya methali inayofupisha habari. Lakini hata haya yalipata dawa yake. Orodha za methali na maana zake zilikaririwa kwa mamia. Watoto walifunzwa kuyasoma maswali kwanza, kisha kukitafuta kifungu kwa jicho kama atafutaye sarafu iliyoanguka mchangani. Walifunzwa kuondoa majibu mawili ya kipuuzi na kubahatisha kati ya mawili yaliyobaki. Mbinu hizi si dhambi. Humsaidia mtoto ndani ya chumba cha mtihani, na mwalimu anayemnyima angekuwa anamdhulumu. Tatizo ni pale zinapokuwa somo lenyewe, na pale vifungu vya marudio, vilivyo vifupi na visivyo na mwandishi, vinapokuwa ndio maandishi pekee ya Kiswahili ambayo mtoto huyasoma kwa mwaka mzima.

Serikali ilijaribu mara kwa mara kuupunguza moto huu kwa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza mafunzo ya ziada wakati wa likizo. Mwaka 2014 Wizara ilipiga marufuku kupanga shule kwa orodha ya ubora wa matokeo. Mafunzo ya likizo yalibadili jina tu. Wakati huo huo ushahidi wa namna nyingine ulikuwa ukijitokeza. Uchunguzi wa Uwezo, ulioanza mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, uliwaendea watoto nyumbani badala ya shuleni, ukawapa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ilidhihirika kwamba hata katika madarasa ya juu walikuwepo watoto wasioweza kuisoma. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Tusome ulipeleka vitabu vya Kiswahili na Kiingereza na mwongozo wa kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Hiyo ilikuwa kazi ya maana, ila ilikoma pale shule ya kati inapoanza kukaribia.

Na shule ya kati imerudi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika mwaka huo huo gredi ya saba ya kwanza iliingia Sekondari Msingi, daraja la miaka mitatu lililowekwa ndani ya maboma ya shule za msingi. Anayeijua ripoti ya mwaka 1949 hawezi kukosa kuona umbo lake. Daraja hili nalo limesimama kati ya mitihani miwili: ule wa gredi ya sita, uliofanywa kwanza mwaka 2022 kwa maswali ya kuchagua, na ule wa gredi ya tisa uliofanywa kwanza mwaka 2025. Katika kumpangia mwanafunzi shule ya sekondari ya juu, mtihani wa gredi ya tisa ulipewa asilimia 60, ule wa gredi ya sita asilimia 20, na kazi za kutathminiwa shuleni asilimia 20 zilizobaki.

Tofauti iko katika mtaala. Chini ya mada ya kusoma, mtaala wa Kiswahili wa Sekondari Msingi hautaji ufahamu peke yake. Unataja kusoma kwa ufasaha, kusoma kwa ufahamu, kusoma kwa kina na kusoma kwa mapana. Mgawanyo huu unatenganisha kwa usahihi mambo ambayo karatasi ya KCPE iliyachanganya: ulimi unaotiririka haupimwi tena kama akili inayoelewa. Kusoma kwa mapana ndiko kunakoweza kumtoa mtoto katika kifungu cha aya nne na kumtia katika kitabu kizima, alichokichagua mwenyewe, kisicho na maswali chini. Ndiko pia kusikoweza kupata swali katika mtihani, na kunakohitaji maktaba, kabati, au walau sanduku la vitabu hamsini. Shule nyingi za msingi zilizopokea gredi ya saba mwaka 2023 zilikuwa zikitafuta kwanza madawati. Ratiba iko ukutani, na kipindi cha kusoma kwa mapana kimeandikwa humo, mahali pale pale palipokuwa pameandikwa Kiswahili cha darasa la saba katika siku za CPE.