Mapezi ya mashine ya boti

Mapezi ya mashine ya boti ni mabawa ya plastiki ngumu au aluminiamu yanayofungwa kwa boliti kwenye bamba lililo juu ya rafadha. Boti inapokimbia, maji huyasukuma juu. Tezi huinuka, omo hushuka, na chombo kidogo huanza kuteleza juu ya maji mapema zaidi. Lakini mapezi huongeza ukinzani wa maji, na matundu yaliyotobolewa hukaribisha kutu ya chumvi.

Mapezi hayafai kila mahali. Mfano ni Msimbati, mkoani Mtwara, iliyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kwenye matumbawe na mafungu ya mchanga ya pwani hiyo, hasa maji yakipwa, rafadha inayofaa ina manufaa zaidi kuliko mapezi. Kupunguza inchi 1 ya hatua ya rafadha (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) huongeza mizunguko ya mashine kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika, na boti yenye mzigo hunyanyuka upesi. Rafadha ya aluminiamu ikigonga mwamba hupinda yenyewe. Ya chuma cha pua hupeleka kishindo kwenye gia.

Kabla ya kutoboa chochote, pima kimo cha mashine: bamba liwe takriban usawa wa chini ya boti.