Mtoto Atashika Nini?

Mtoto ametimiza mwaka. Ameogeshwa, amevishwa nguo mpya, amewekwa chini katikati ya jamaa zake. Mbele yake vimepangwa vitu vya kila namna, na sasa hakuna anayemtazama usoni. Wote wanautazama mkono wake. Je, atashika nini?

Hiyo ni desturi ya Wachina, nao huiita zhuazhou, yaani kushika kitu siku ya kutimiza mwaka. Ni desturi kongwe. Aliyetuachia maelezo yake ni msomi mmoja, Yan Zhitui, aliyezaliwa mwaka 531, katika kitabu cha mafundisho alichowaandikia wanawe. Anasema huko kusini ya mto Yangtze mtoto wa kiume aliwekewa upinde na mishale, karatasi na kalamu. Mtoto wa kike aliwekewa kisu na mkasi, rula, sindano na uzi. Juu ya hivyo viliongezwa vyakula, vito vya thamani na vitu vya kuchezea.

Shabaha, kwa maneno ya Yan, ilikuwa kupima kama mtoto ana tamaa au ni mwadilifu, kama ni mjinga au mwerevu. Hakutaja kazi wala cheo. Ulikuwa mtihani wa tabia. Lakini hebu utazame mtihani wenyewe ulivyotungwa. Binti angeweza kuwa na akili za kuwashinda kaka zake wote, ila kalamu asingeishika, kwa sababu hakuwekewa. Jibu lake lilikwisha kuandikwa na waliopanga vitu.

Miaka mia tano na zaidi baadaye, vitu hivyo vilikuwa vimebadilika. Meng Yuanlao, aliyekuwa akiukumbuka mji wa Kaifeng baada ya kutekwa mwaka 1127, aliandika mwaka 1147 kwamba watoto wa mji huo waliwekewa matunda na vyakula, kalamu na wino, mizani, vitabu vya dini, sindano na uzi, na pamoja navyo hati za uteuzi wa serikali. Naam, hati za uteuzi! Zama hizo njia ya ukubwa ilikuwa mitihani ya serikali, ile iliyokuja kufutwa mwaka 1905, na kila mzazi aliyejiweza alimwota mwanawe akiwa ofisini. Basi ndoto ya baba ikapata nafasi yake mbele ya mtoto asiyejua kusema.

Mfano unaopendwa sana ni wa jemadari Cao Bin, aliyezaliwa mwaka 931. Historia rasmi ya utawala wa Song inasimulia kwamba alipotimiza mwaka, mkono wa kushoto ulishika silaha, wa kulia ukashika vyombo vya ibada, kisha akachukua mhuri na asitazame kitu kingine. Alipokua akaongoza majeshi yaliyouangusha ufalme wa Tang ya Kusini katika vita vya mwaka 974 hadi 976, na anasifiwa kwa kuwaapisha maofisa wake wasiwachinje watu wa mji uliotekwa. Hadithi tamu. Ila historia hiyo ilikamilishwa mwaka 1345, na waandishi wake walikwisha kujua mwisho wa Cao Bin. Je, mtoto aliyeshika mhuri akaishia kuuza mboga, nani alimwandika?

Kuna na upande wa kuumiza. Katika riwaya mashuhuri ya Cao Xueqin ya karne ya 18, Hong Lou Meng, mtoto Baoyu anaviacha vyote na kushika poda na mapambo ya wanawake. Baba yake anakasirika, anamtabiria maisha ya ulevi na uasherati, na tangu hapo hampendi sana. Kosa la mtoto wa mwaka mmoja! Ni riwaya, lakini msomaji wa Kichina hakuhitaji kuelezwa hasira ile imetoka wapi.

Bahati nyingine zilikuwa njema zaidi. Mwandishi Qian Zhongshu, aliyezaliwa mwaka 1910, alishika kitabu, na jina la Zhongshu, mpenda vitabu, likatokana na siku hiyo.

Siku hizi desturi ingali hai, na Wakorea nao wana ya kwao inayofanana nayo. Madukani huuzwa seti zilizo tayari: kikokotoo, mpira, maikrofoni, kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo. Familia nyingi huifanya kwa kucheka na kupiga picha. Mabinti nao huwekewa kalamu.

Tumrudie Yan Zhitui kabla hatujaagana, maana alikuwa na dukuduku. Alifiwa na baba yake akiwa mdogo, hajafika miaka kumi. Aliona watu wakiendelea kula na kunywa kila siku yao ya kuzaliwa ingawa wazazi wao wamekwisha kufa, naye akawaona hao ni watu wasiofunzwa: siku hiyo wangepaswa kumkumbuka aliyewazaa. Akamtaja mfalme Yuan wa utawala wa Liang, ambaye ujanani, kila tarehe 6 ya mwezi wa 8, siku aliyozaliwa, aliandaa chakula kisicho na nyama na mafundisho ya dini. Mama yake alipofariki, akaacha.