Somo la Historia: Meli ya Mizigo Katika Ghuba ya Sudi, 1916

Kaeni karibu, fungueni madaftari. Mwenzenu anayesoma vizuri awasomee wengine pole pole.

Leo tutazungumza juu ya meli ya kupeleka mahitaji. Manowari, yaani meli ya vita, ina mizinga, lakini haili mizinga. Inataka mafuta, na mabaharia wanataka chakula, maji na dawa. Kwa hiyo siku hizi manowari hufuatwa na meli nyingine iliyojaa vitu hivyo. Meli mbili huenda sambamba baharini, na mafuta hupita katika mpira kutoka moja hadi nyingine. Manowari isiyopata mahitaji ni kama jiko lisilo na kuni.

Jambo hili lilionekana katika pwani yetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio waliotawala nchi hii. Manowari yao Königsberg ilijificha katika mdomo wa mto Rufiji. Mtambo wake ulikuwa umeharibika, na makaa ya mawe yalikuwa yakiisha. Sehemu za mtambo zilivutwa na watu kwa miguu mpaka Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa vivyo hivyo. Mwezi Aprili 1915 meli moja, Rubens, ilileta makaa na silaha, lakini manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta kaskazini ya Tanga na kuipiga. Makaa hayakufika Rufiji. Mwezi Julai mwaka ule ule Waingereza waliishambulia Königsberg, na mwisho wake ukawa huko huko mtoni.

Sasa tuje kwetu. Wewe uliyeko Mtama, ukishuka pwani utafika Sudi. Unaijua ghuba yake: mlango mwembamba na mikoko mingi. Mwezi Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliingia hapo kwa siri. Ilibeba mizinga, bombomu, bunduki, risasi na dawa. Mwezi wa Aprili Waingereza waliigundua, wakaipiga kwa mizinga. Lakini shehena ilikwisha kushushwa. Meli ikazibwa matundu, ikatoroka usiku, na baadaye ikafika Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta.

Vitabu vingi humsifu nahodha kwa werevu wake. Lakini hebu jiulize: shehena ile iliondokaje Sudi? Jeshi kubwa lilikuwa mbali, upande wa kaskazini. Hapakuwa na reli ya kutoka Sudi kwenda huko. Ng'ombe na punda hawakufaa, kwa sababu mbung'o huwaua njiani. Jibu ni moja: shehena iliondoka juu ya vichwa vya watu.

Chukua kalamu, tupige hesabu. Mpagazi mmoja alibeba kadiri ya kilo 30. Tani moja ni kilo 1,000. Gawanya, utaona kwamba tani moja tu yataka watu zaidi ya 30. Na meli hubeba mamia ya tani! Mizinga mikubwa nayo ilivutwa kwa kamba. Tena mpagazi naye hula, na chakula chake kilitoka ghalani mwa wanakijiji waliokuwa njiani. Basi Marie ilifanya nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyokuwa ngumu zaidi, waliifanya wapagazi na wakulima.

Wala vita haikukaa mbali. Mwezi Oktoba 1917 ilirudi mpaka Nyangao na Mahiwa, jirani na Mtama. Kwa siku nne palipiganwa vikali, maelfu wakafa au kujeruhiwa. Pande zote mbili zilichukua wapagazi, wengi kwa nguvu. Katika nchi zote za Afrika Mashariki wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi, kuliko kwa risasi.

Jina la meli tunalijua. Jina la manowari iliyoipiga tunalijua. Lakini majina ya watu waliobeba mizigo kutoka Sudi, ni nani aliyeyaandika? Wengi wao hawakujua kuandika, na waliojua hawakuona haja ya kuwaandika. Wewe sasa unajua. Waulize wazee wa nyumbani kwako kama walisimuliwa habari za babu aliyechukuliwa kubeba mizigo. Ukipata jina, liandike, pamoja na kijiji chake.

MASWALI
1. Kwa nini manowari huhitaji meli ya mahitaji?
2. Kwa nini wanyama hawakutumiwa kubeba shehena kutoka Sudi?
3. Tani 6 za risasi zataka wapagazi wangapi, kila mtu akibeba kilo 30?
4. Andika sentensi tatu juu ya jambo ulilosimuliwa na mzee.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.