Stelingi inalia: kabla ya kununua pampu, sikiliza inalia lini

Gari la zamani likianza kulia kila linapokata kona, jibu la haraka la gereji nyingi ni moja: pampu ya pawa stelingi imekufa, nunua nyingine. Mara nyingine ni kweli. Lakini pampu ni kifaa cha bei, na kelele kama hiyo huletwa pia na mkanda uliolegea au mafuta yaliyopungua. Wasikilizaji wetu wengi wana Hiace, Noah na pikapu za mazao zilizokula miaka mingi kwenye barabara za vumbi, na hao ndio tunaowaandikia. Kama chini ya boneti hakuna kopo la mafuta ya stelingi, basi huenda stelingi yako ni ya umeme na maelezo haya hayaihusu.

Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwa nguvu hadi kwenye stelingi boksi au reki, kisha mafuta hurudi kwenye kopo. Kelele inaweza kutoka popote katika njia hiyo. Kinachotofautisha ni wakati inapotokea.

Mlio mwembamba na mkali asubuhi unapowasha gari, au unapokata usukani hadi mwisho, kwanza ushuku mkanda. Zima injini, subiri feni isimame kabisa, kisha bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Kwa magari mengi ya zamani unatakiwa uingie kama sentimita moja. Ukiingia zaidi sana, umelegea. Utazame na upande wa ndani. Nyufa, nyuzi zilizochomoza au mng'ao kama kioo ni dalili kwamba umechoka. Na mkanda uliodondokewa na mafuta utalia hata kama ni mpya.

Kelele ya pili ni nzito, mvumo unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta na kuzidi unapogeuza usukani. Hiyo mara nyingi ni pampu inayokosa mafuta au inayomeza hewa. Simamisha gari mahali tambarare, futa vumbi kwenye kifuniko kabla ya kukifungua, kisha pima. Mafuta mekundu na maangavu ni mazuri. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamechoka. Yakiwa na povu, yana hewa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu huvuta, hausukumi. Klipu yake ikilegea, unaweza kunyonya hewa bila kudondosha hata tone moja nje, na fundi asiyeona mafuta chini ataenda moja kwa moja kwenye pampu. Kaza au badilisha klipu hiyo kwanza. Baadhi ya makopo pia yana chujio la wavu ndani. Likijaa uchafu, pampu inakaa na kiu wakati kopo limejaa.

Unapoongeza, soma kifuniko. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF, yaani mafuta ya gia ya otomatiki, aina ya Dexron II au III. Honda hutaka mafuta yake yenyewe. Mafuta ya breki usiyaweke kabisa: yanaharibu sili za mpira, na kuanzia hapo utavuja kila mahali.

Kutoa hewa hakuhitaji mashine. Nyanyua magurudumu ya mbele, weka vigingi imara chini ya gari na kizuizi kwenye magurudumu ya nyuma. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mara kumi na tano au ishirini, huku mwenzako akiongeza mafuta yanaposhuka. Kisha washa injini, rudia mara chache na uangalie kama povu limekwisha.

Sauti ya kufoka kidogo usukani ukifika mwisho ni ya kawaida, ila usiushikilie hapo zaidi ya sekunde chache, maana mafuta hupata moto sana.

Mgongo wa "ko, ko" ni jambo jingine kabisa. Huo si wa mafuta. Shuku tairodi, boljointi au bushi za reki. Zima injini, mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, mwingine atazame viungo. Kiungo kinachocheza kikichomoka kwenye mteremko, gurudumu halifuati tena usukani. Gari kama hilo lisipakie abiria mpaka litengenezwe.

Vivyo hivyo kwa mafuta yanayodondokea kwenye ekzosi: yanaweza kuwaka.

Pampu yenyewe tunaikubali kuwa imekufa pale ambapo mkanda ni mzima, mafuta ni safi na yamejaa, hewa imetoka, na mvumo bado upo. Ukiona chembe za chuma zinazometa kwenye mafuta, ushahidi umekamilika. Hapo osha kopo na mipira yote kabla ya kufunga pampu nyingine, la sivyo chembe zile zile zitaimaliza na hiyo.